Barua kutoka New Delhi

Kwako sahibu yangu,

Pole sana, na unisamehe kwa kuchelewa. Habari za mzee zilinifika usiku, na alfajiri yake nilikuwa chumba cha maiti cha hospitali moja hapa mjini, nafuatilia karatasi za ndugu yetu mmoja aliyekuja kutibiwa moyo, siku zake zikaisha. Mkewe alikuwa benchini amekumbatia pochi, Kihindi hajui, Kiingereza hajui, wala hana mtu mwingine Delhi ila mimi. Mlipokuwa mnamteremsha mzee kaburini, mimi nilikuwa nabishana na karani juu ya muhuri. Hitima nayo imenipita. Barua hii nimeianza mara tatu, nikaichana.

Umeniuliza habari za binti yako na Chuo cha Diplomasia pale Kurasini, kama kazi hii ina raha. Ipo. Siku balozi alipopeleka hati za utambulisho ikulu ya Rais wa India nami nilikuwa nyuma yake, nimevaa tai ya kuazima, nikajiona mtu. Kesho yake nikarudi kwenye hati za dharura za wanafunzi waliopoteza pasipoti. Na asidhani pasipoti ya kidiplomasia ni hirizi. Mkataba wa Vienna wa 1961 unatukinga tusikamatwe, lakini ibara ya 9 ya mkataba huohuo inampa mwenyeji ruhusa ya kututimua bila kueleza sababu.

Msimulie habari za Salim Ahmed Salim. Alipelekwa Cairo kuwa balozi mwaka 1964, ana miaka 22, mwaka uliofuata akaja hapahapa Delhi. Mimi nina 36 na nota ya kibalozi ya ukurasa mmoja naisoma mara nne kabla haijatoka! Lakini ninayemfikiria zaidi ni Salim wa New York, alipokuwa balozi wetu Umoja wa Mataifa. Oktoba 1971 China iliporudishiwa kiti chake huko, Marekani ikiwa imepinga, wajumbe wa Tanzania walishangilia mle ukumbini. Mwaka 1981 akagombea ukatibu mkuu, Marekani ikamzuia kwa kura ya turufu, duru baada ya duru. Shangwe ya usiku mmoja, sahibu, deni lake likadaiwa miaka kumi baadaye. Binti akija kwenye kazi hii, lugha atafundishwa. Uso wake ndio ajifunze kuushika mwenyewe.

Wanangu wazima. Mdogo anaongea Kihindi na watoto wa jirani, bibi yake akipiga simu anamjibu kwa kichwa, kana kwamba bibi anamwona. Bado mwaka mmoja tuhame kituo, na wapi tunapelekwa hatujaambiwa.

Desemba nina likizo. Ukija kunipokea bandarini usinipeleke nyumbani kwanza, tupitie makaburini. Nataka unionyeshe mlipomlaza.

Wasalimie wote.

Ni mimi, sahibu yako