Barua kwa Salim kuhusu Austin-Healey ya mnadani

Birmingham

Ndugu yangu Salim,

Asalaam aleikum. Ama baada ya salamu, na kukutakia afya njema wewe, shemeji na watoto, nakuandikia kukupa habari kamili za gari lile uliloniomba nikalikague kabla halijapigwa mnada Jumamosi ijayo. Nilikwenda siku ambayo wanunuzi huruhusiwa kuyatazama magari, nikakaa nalo asubuhi nzima, na vijana wa mnada, kwa haki yao, waliniacha nilale chini yake kadiri nilivyotaka. Niliyoyaona ni mengi kuliko yanayofaa kusemwa kwenye simu, nikaona heri uyasome taratibu kabla hujaamua kupandisha bei.

Neno langu nalitanguliza: linunue, lakini kwa bei ya gari la kuendesha, si kwa bei ya gari la makumbusho. Hivyo ni vitu viwili, na katalogi imevichanganya, nadhani kwa makusudi.

Gari lenyewe ni Austin-Healey 3000 la mwaka 1966, toleo la tatu, lile ambalo wajuzi huliita BJ8. Kama ujuavyo, Donald Healey, aliyeyabuni magari haya, alikuwa na karakana yake Warwick, bodi zikiundwa na kampuni ya Jensen kule West Bromwich, si mbali na hapa ninapokaa, kisha zikipelekwa Abingdon, kwenye kiwanda cha MG, kufungwa injini na viungo vingine. Injini ina silinda 6 zilizopangwa kwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,912, kabureta mbili za SU, na ilipotoka kiwandani nguvu yake ilikuwa farasi 148 hivi. Toleo hili ndilo lenye vioo vya kupandisha kwa mkono, paa la turubai linalokunjwa bila ugomvi, na dashibodi ya mbao ambayo shemeji ataipenda kuliko chochote kilichomo ndani ya bonneti.

Sasa tuje kwenye kutu, kwa kuwa hapo ndipo fedha zako zitakapookoka au kupotea. Bodi ya Healey haifunguliwi kwa boliti na kunyanyuliwa kutoka kwenye chesisi. Fremu yake ya ndani imechomelewa humo humo, hivyo chesisi ikiliwa na kutu, gari zima hulegea katikati na milango huanza kukataa kufunga. Juu ya hayo, madigadi ni ya chuma, ilhali kipande cha mbele kinachozunguka bonneti na kile cha nyuma kinachozunguka buti ni vya alumini, na pale chuma na alumini vinapogusana, unyevu ukiingia, metali hizo mbili hulana pole pole chini ya rangi. Ukiongeza chumvi inayomwagwa barabarani nchini humu wakati wa baridi, utaelewa kwa nini Healey nyingi zilizong'arishwa vizuri ni nzima kwa juu tu.

Nilichukua sumaku ndogo niliyoivisha kitambaa laini, nikaipitisha bodi yote. Ilipaswa kushika kwenye madigadi na kuteleza kwenye alumini, na ndivyo ilivyofanya, isipokuwa chini ya digadi la nyuma la kushoto, ambako ilishika kwa unyonge, dalili kwamba pana pati, yaani ile lipu ya kuzibia mashimo, chini ya rangi. Eneo lenyewe halizidi kiganja, nami silihesabu kuwa kosa la kuliachia gari. Kisha nikachuchumaa ubavuni kutazama ule mkunjo unaoanzia digadi la mbele, ukapita mlangoni hadi digadi la nyuma. Huo hausemi uongo, kwa sababu fundi mvivu huweza kusawazisha mianya ya milango kwa pati, lakini kuufanya mkunjo ule uende moja kwa moja katika vipande vitatu kunataka chesisi iliyonyooka na mtu mwenye subira. Ubavu wa kulia umenyooka kabisa. Wa kushoto umepishana kidogo mlangoni, kiasi ambacho usingekiona kama nisingekutajia.

Muuzaji ameambatanisha albamu ya picha za kazi yote, tangu gari lilipovuliwa hadi lilipopigwa rangi, na hiyo kwangu ina thamani kuliko maneno yote ya katalogi. Mihimili ya pembeni ya chesisi inaonekana ikikatwa na kuwekwa mipya, sakafu nayo imebadilishwa yote. Picha nilizozikosa ni za nyuma, zinapofungwa springi, basi nikaingia na tochi: nikakuta chuma cha zamani kilichosafishwa vizuri, huku alama za uchomeleaji wa kiwandani zikiwa bado zinaonekana. Hilo lilinifurahisha kuliko kama ningekuta chuma kipya.

Suala la asili yake ndilo linalotaka uamuzi wako. Katika makaratasi mna cheti cha Gaydon, kule zinakotunzwa kumbukumbu za viwanda vya magari vya Uingereza, nacho kinasema kwamba gari hili lilitoka kiwandani likiwa jeusi, usukani kushoto, likapelekwa Marekani kama sehemu kubwa sana ya ndugu zake. Hata namba ya chesisi ina ile herufi L ya usukani wa kushoto. Leo unaliona na usukani kulia, na rangi mbili, buluu ya Healey juu ya malai, kwa sababu ndizo rangi ambazo kila mtu anazitaka. Kazi ya kuhamisha usukani imefanywa kwa adabu, na namba ya injini inalingana na cheti. Lakini mtu akikudai bei ya gari lililobaki kama lilivyozaliwa, huku lilikwisha kubadilishwa rangi na upande, amekudai bei isiyo yake. Wewe unataka kuliendesha London na kwenda nalo pwani ya Kent siku za jua, basi usukani wa kulia unakufaa, na tofauti hiyo ya bei ni haki yako.

Katalogi pia imejaza nusu ukurasa habari za mashindano ya magari ya masafa marefu. Ni kweli kwamba Pat Moss, dada yake Stirling Moss yule dereva wa mashindano, pamoja na Ann Wisdom walishinda Liège-Rome-Liège mwaka 1960 kwa Healey 3000, wakawaacha wanaume wa Ulaya nzima nyuma yao, na mimi huwakumbusha hilo wote wanaodai kuwa gari hili ni la wenye vifua tu. Lakini heshima ile ni ya gari jingine. Usilipe hata senti moja kwa ajili yake.

Injini iliwashwa mbele yangu ikiwa baridi, ikashika mara moja, na kipimo cha oili kikatulia vizuri hata ilipopata moto. Risiti zinaonyesha kwamba ilishushwa yote, na kichwa chake kikawekewa viti vigumu vya vali vinavyostahimili petroli isiyo na madini ya risasi. Nisichoweza kukushuhudia ni ile gia ya ziada ya umeme inayofanya kazi kwenye gia ya tatu na ya nne, kwani gari halikuruhusiwa kutoka uwanjani. Waandikie uwaulize, upate jibu kwa maandishi. Ujue pia kwamba bomba la moshi hupita chini kabisa, karibu na sakafu, na joto lake huingia ndani. Ila mtu aliyekulia Mombasa na kusafiri kwa matatu mchana wa Februari hana la kuogopa hapo.

Hesabu sasa. Mnada umekisia pauni 45,000 hadi 52,000. Juu ya bei ya nyundo, yaani ile nyundo inapogongwa, mnunuzi hulipa kamisheni ya asilimia 12.5, na juu ya kamisheni hiyo kodi ya asilimia 20, yaani asilimia 15 kamili kwa jumla. Nyundo ikigongwa kwenye 45,000, utatoa 51,750, nawe uliniambia kikomo chako ni 50,000. Kwa hiyo mwisho wako ni nyundo ya 43,000, ambayo itakutoa pauni 49,450, na akitokea mtu akasema 43,500, mwachie. Najua iko chini ya makisio yao, lakini makisio si bei ya siri ya muuzaji, ile ambayo chini yake hauzi, na habari za rangi na usukani zitawapunguza wale wakusanyaji wanaotaka kila kitu cha asili. Kama halikuuzwa, piga simu Jumatatu. Mara nyingi muuzaji huwa amelainika.

Gharama za baadaye hazitakuumiza. Kwa kuwa limevuka miaka 40, likisajiliwa kama gari la kihistoria halitalipiwa kodi ya barabara wala ushuru wa hewa chafu wa London, na ukaguzi wa kila mwaka si wa lazima, ingawa mimi ningekushauri ulipeleke hata hivyo. Litie petroli ya daraja la juu yenye ethanoli kidogo, si ile ya kawaida, isije ikala mipira ya mafuta. Bima ichukue ile ya thamani mliyokubaliana kabla, na uikate Ijumaa, kwa sababu kwa kawaida likishagongewa nyundo, hasara yoyote itakayolipata ni juu yako papo hapo.

Jiandikishe kushiriki kwa simu kabla ya Alhamisi mchana. Ukilipata, nitakwenda Jumatatu na trela la jirani yangu kulichukua, lilale gerejini kwangu hadi utakapopata nafasi ya kuja.

Nisalimie shemeji na watoto.

Ni mimi ndugu yako,
Athumani