Kwa nini tunakutoza kwa pipa ambalo mtaani wanalinunua

Wiki haipiti bila simu ya namna hii: "Nina mapipa 40 matupu ya thina, ile ya kuyeyushia rangi, mnanunua shilingi ngapi?" Kazi yetu ni kuchukua mapipa yaliyobeba kemikali, kuyasafisha au kuyapeleka yakateketezwe. Tukijibu kwamba hatununui, na kwamba mwenye mapipa ndiye atakayelipia kazi hiyo, upande wa pili hunyamaza. Wengine hukata simu. Tunawaelewa, maana nje ya geti la karakana kuna mtu wa mkokoteni anayetoa pesa taslimu na haulizi pipa lilibeba nini. Hili hapa ndilo jibu ambalo simu haitupi nafasi ya kulimaliza.

Tuanze na hilo neno "tupu". Pipa la kawaida la lita 200 lina kipenyo cha sentimita 57 hivi. Kimiminika kikibaki chini kwa kina cha sentimita 1 tu, hapo pana lita 2 na nusu. Kwa mapipa 40 hizo ni lita 100, yaani nusu pipa la kemikali umeligawa kidogo kidogo na kulitawanya mtaani. Na hapo tunazungumzia kitu chepesi kinachomiminika vizuri. Gundi na rangi hushika kwenye kuta za pipa kama ukoko wa wali, na pampu haiziondoi.

Thina ina hatari yake ya pekee. Nyingi zina toluini, kiyeyushio ambacho mvuke wake unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 4 za Selsiasi, sembuse joto letu la Dar es Salaam. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu, kwa hiyo hautoki hata kizibo kikiwa wazi. Unalala humo humo. Ili ulipuke, unatakiwa uwe kati ya asilimia 1 na 7 ya hewa iliyomo. Tumepiga hesabu: ndani ya pipa la lita 200, vijiko viwili vya chai vya toluini vikigeuka mvuke vinatosha. Ndiyo maana pipa lililojaa hutupa hofu ndogo kuliko lililomwagwa. Lililojaa halina nafasi ya hewa.

Kabla ya kuanzisha biashara hii nilifanya kazi kwenye karakana moja ya kuchomelea. Fundi mwenzangu alinunua pipa la thina akitaka kulipasua atengeneze jiko la nyama choma. Alikuwa mtu makini: jana yake alilijaza maji, akalitikisa, akalimwaga. Lakini toluini haichanganyiki na maji. Grenda ilipogusa mfuniko tulisikia kishindo, na mfuniko ukatoboa bati la paa. Aliungua uso na mikono yote miwili, akalazwa miezi. Tangu siku ile sijaweza kuliita pipa lolote tupu kabla sijajua lilibeba nini.

Kwa hiyo swali letu la kwanza kwako ni hilo hilo: lilibeba nini? Kila kemikali ina njia yake. Zinazoyeyuka katika maji, kama viuatilifu vingi vya shambani, husuuzwa mara 3: maji robo ya chombo, kizibo kinafungwa, chombo kinatikiswa kwa sekunde 30, kisha maji yanamiminwa. Na yasimwagwe mtaroni. Yanarudi kwenye bomba la kupulizia dawa, yakamalizie kazi shambani. Mkulima anaweza kufanya hivyo mwenyewe siku hiyo hiyo, na tungefurahi sana kama kila mmoja angefanya.

Sayanaidi inayotumika kuchenjulia dhahabu, kule Geita na Chunya, si ya kujaribu mwenyewe. Mabaki yake ni lazima yabaki katika maji yasiyo na tindikali kabisa, yaani yenye pH (kipimo cha tindikali, ambacho hushuka tindikali ikizidi) ya juu, zaidi ya 10, ndipo yatiwe dawa ya klorini ambayo huivunja sayanaidi kuwa kitu chenye sumu ndogo zaidi. Tindikali ikiingia humo, inatoka gesi inayoua kwa dakika chache. Hata klorini yenyewe ikikutana na tindikali hutoa gesi ya sumu. Tafadhali, usikusanye mabaki ya mapipa mbalimbali ndani ya pipa moja ili kupunguza gharama ya kubeba. Tumeshafungua mapipa ya namna hiyo, na yanatutisha kuliko mengine yote.

Kisichosafishika huteketezwa. Sisi hatuna tanuri letu. Tunafungasha na kupeleka kwenye tanuri lenye kibali. Moto wa shimoni nyuma ya kiwanda haufai, kwa sababu kemikali zenye klorini zikiungua kwa moto hafifu huzaa dioksini, sumu inayokaa mwilini miaka. Kanuni za Ulaya hutaka gesi za moshi zikae angalau sekunde 2 kwenye nyuzi 850, na nyuzi 1,100 kama taka ina klorini zaidi ya asilimia 1. Matanuri ya saruji, yanayochoma mawe hadi nyuzi 1,450, yanaweza kufanya kazi hiyo yakisimamiwa vizuri. Risasi na zebaki haziungui hata huko, kwa hiyo taka zenye metali hizo tunazitenga mapema.

Mapipa ya bluu ya plastiki tunayakatakata. Wateja hutuuliza kwa nini tusiyaoshe tukayauza kwa akina mama wa kuhifadhia maji. Plastiki hunywa kemikali, kisha huirudisha taratibu kwenye maji ya mtoto. Hatutauza hata moja.

Wanaodhani sumu huisha yenyewe waulize habari za Vikuge, Kibaha. Viuatilifu vilivyoletwa kama msaada kutoka Ugiriki mwaka 1986 viliachwa kwenye banda, na miaka mingi baadaye watafiti walikuta kiuatilifu cha DDT kwenye udongo wa hapo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inamwajibisha mzalishaji wa taka hatarishi. Pipa likiondoka na mkokoteni, jina la kiwanda chako bado limeandikwa ubavuni. Yeyote atakayekuchukulia, sisi au mwingine, mwombe kibali chake cha taka hatarishi, ambacho maombi yake hupitia baraza la taifa la mazingira (NEMC), kisha mdai hati ya uteketezaji.

Ukisubiri gari letu, funga vizibo vyote, simamisha mapipa kivulini juu ya sakafu ya zege, mbali na mafundi wa kuchomelea, na ututumie picha ya lebo. Kama lebo imebanduka, tuambie hivyo hivyo. Usifungue pipa ili unuse.