Nyumba za chini kwa wazee wetu: taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Assalamu alaykum, wazee wangu, na nyote wanachama mliohudhuria.

Mwaka huu chama chetu kilijipa kazi moja kubwa: kutafuta njia ya kumpatia mzee wa Mjini Unguja nyumba ya kodi nafuu, iliyo chini, anayoweza kuingia na kutoka bila kubebwa. Mengine yamo katika ripoti ya Katibu, ambayo mmeshagaiwa.

Nianze na Michenzani, kwa kuwa ndiko wengi wetu tunakoishi. Majumba yale ya ghorofa yalijengwa enzi ya Mzee Karume na miaka iliyofuata, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na kwa wakati wake yalikuwa heshima kubwa. Watu wa Ng'ambo, yaani upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, waliokuwa wakilala katika vibanda vya udongo na makuti walikabidhiwa fleti. Sitaki mtu yeyote aichukue taarifa hii kuwa ni kuibeza kazi ile. Lakini aliyepanda kule juu na miaka thelathini, leo yuko kwenye themanini, na ngazi ni zile zile. Kamati imepita mlango kwa mlango ikakuta wazee ambao kwa miezi hawajagusa ardhi. Siku ya kwenda hospitali vijana huitana, mzee akakalishwa kwenye kiti cha plastiki na kuteremshwa hivyo. Sala ya Ijumaa inampita, maziko ya jirani yanampita, barazani hafiki.

Baadhi yenu mlitutaka tuombe lifti. Kamati ililizungumza kwa urefu, na msimamo wake ni kwamba lifti si jawabu letu. Lifti inataka umeme usiokatika, fundi, vipuri na ada ya kila mwezi. Tuliokuwepo Unguja tunakumbuka jinsi waya wa chini ya bahari ulivyoharibika Disemba 2009, tukakaa kizani hadi Machi 2010. Pampu zilisimama, na maji yakapandishwa ghorofani kwa ndoo. Mzee anayeitegemea lifti, siku umeme unapokatika, ni mfungwa. Kubadilishana fleti na walio chini nako hakufiki mbali, maana sehemu nyingi za chini ni maduka.

Kwa hiyo tunapendekeza nyumba mpya, ndogo, za chini, zilizopangwa safu kuzunguka ua mmoja, na zijengwe ndani ya mitaa ya Ng'ambo wanakoishi wazee wenyewe. Serikali ina makaazi ya wazee Sebleni na Welezo hapa Unguja, na Limbani kule Pemba, na yanawastiri wasio na mtu. Wengi wa wanachama wetu wana watoto na wajukuu. Wasichokuwa nacho ni mlango wanaoweza kuupita. Ukimhamisha mzee mbali na jirani aliyezoea kumgongea asubuhi, umempa paa na umemnyang'anya watu. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu kila tukizungumzia kiwanja tunaelekezwa nje ya mji.

Sasa niingie kwenye vifaa, jambo lililotuletea ubishi mkubwa kuliko yote.

Saruji tunayotumia huvuka bahari. Kuitengeneza kunahitaji tanuri la nyuzi joto zipatazo 1,450, na jiwe la chokaa linapoungua humo hutoa hewa ya ukaa lenyewe, mbali na ile ya mafuta au makaa yanayolichoma. Viwanda vya saruji duniani hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Sisi tunaoona mashamba ya mpunga Pemba yakiingiwa na maji ya chumvi hatuwezi kusema hayo hayatuhusu. Mchanga nao, kila mmoja anajua mashimo uliyotuachia visiwani.

Pendekezo la kamati ni tofali la udongo ulioshindiliwa kwa mashine ya mkono, lenye saruji kidogo, kati ya asilimia 5 na 10, bila kuchomwa. Matofali haya yanafungamana yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo saruji ya kujengea hupungua sana. Wakala wa utafiti wa nyumba bora, kule Mwenge, Dar es Salaam, umeyafundisha kwa miaka mingi. Udongo wetu mwekundu, kinongo, unaweza kufaa, ila upimwe kwanza shimo kwa shimo: unatia udongo na maji katika chupa, unatikisa, unauacha utuame, kisha unaona mchanga ni kiasi gani na mfinyanzi ni kiasi gani. Tofali likitoka mashineni linawekwa kivulini na kumwagiwa maji. Anayeliharakisha ndiye anayelitia ila.

Mzee mmoja katika kikao cha kamati alisema, “Mnaturudisha kwenye nyumba za udongo tulizozikimbia.” Namheshimu, na nilimjibu hivi: kilichoimaliza nyumba ya udongo ya zamani ni maji. Hii itakaa juu ya msingi wa mawe, na bati lake litatokeza nje ya ukuta ili masika isiupige. Hatukuchagua chokaa cha kienyeji, kwa kuwa tanuri zake hula kuni nyingi, wala boriti za mikoko, kwa kuwa mikoko ndiyo inayotulindia pwani. Kenchi zitakuwa za mvinje uliopandwa.

Nyumba zitaelekezwa kupokea kusi na kaskazi, na chini ya bati kutakuwa na dari yenye matundu ya kutolea joto. Joto la Februari humwelemea mzee kuliko kijana, na feni si ya kutegemea peke yake.

Vipimo tulivyokubaliana ni hivi. Mlango upana wa sentimita 90, bila kizingiti. Mteremko wa kuingilia, kila sentimita moja ya kupanda iwe na 12 za kwenda. Chooni kuwe na nafasi ya kugeuza kiti cha magurudumu, yaani mita moja na nusu, na vyuma vya kushika vilivyofungwa ukutani. Bomba la tangi la mvua liwe usawa wa kiuno, ili mtu asiiname. Na kila mlango uwe na baraza yake, juu kidogo kuliko mlivyozoea, kwa sababu magoti hayapendi kuinuka kutoka chini.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. Pencheni Jamii ya wenye miaka 70 na zaidi ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na sasa ni 50,000. Tunashukuru, ila haiwezi kulipa kodi ya soko. Ujenzi huu hautajilipa kwa kodi, na tusimdanganye mtu. Mji Mkongwe una nyumba za wakfu ambazo kwa vizazi zimewahifadhi wasiojiweza kwa kodi ndogo. Tunaomba wenye uwezo waweke wakfu kwa ajili ya wazee wa leo, na Serikali, yenye dhamana ya ardhi, itoe kiwanja.

Mtapigia kura mambo mawili: kutuma ombi rasmi la kiwanja ndani ya Ng'ambo, na kujenga chumba kimoja cha mfano kwa tofali hizi ili kila mwanachama akiingie, akipime kwa fimbo yake au kiti chake, na aseme kilichopungua. Karatasi za kura ziko kwa Katibu. Wasioweza kushuka watafuatwa majumbani mwao kesho, na matokeo hayatatangazwa kabla kura zao hazijahesabiwa.