Jumba la kale Italia, muulizeni notaio (mwanasheria wa mikataba ya nyumba) kwanza

Mhariri, mi naishi Toscana, nafanya usafi kwenye majumba ya kale. Bosi wangu mmoja alipenda jumba moja, boriti nyeusi, vigae vya udongo vimelika katikati kwa miguu ya watu wa zamani, akatoa arabuni hapohapo, dalali hajamwambia kwamba limelindwa na sheria ya 2004, hata kubadili dirisha lazima kibali cha Soprintendenza, ofisi ya serikali ya kulinda majengo ya kale, na serikali ina siku 60 za kulichukua yenyewe kwa bei ileile. Bosi wangu, mama wa watu, alilia jikoni, roho iliniuma sana. Na kodi akinunua kwa mtu binafsi ni asilimia 9, jumba la kifahari halipati ile asilimia 2 ya anayenunua nyumba yake ya kwanza. Jamani nendeni kwa notaio kabla ya kusaini chochote.

Msomaji wenu, Toscana