Kuishi kwenye boti la tanga sio kula bata

Mhariri, mbukwa!

Mi ni msomaji wenu wa Nkuhungu hapa Dodoma, kazi yangu fundi sola. Juzi kwenye ukurasa huu kuna mwenzangu kaandika eti wale wazungu wanaotia nanga miezi na miezi kule Tanga na Zanzibar ni watu wa kula bata tu, wamelala juu ya maji hawana kodi wala kazi. Naomba nimjibu, maana mi Mgogo niliezaliwa mbali kabisa na bahari nimelala kwenye boti la hivo miezi mitatu na ushee, na kitu cha kwanza kilichonipokea mle ndani ni shida ya maji. Ndio, shida ya maji, juu ya maji!

Ilikuwa hivi, shemeji yangu wa Tanga alinipigia niende nikaangalie betri za boti la mzee mmoja wa Ufaransa na mkewe. Walikuwa wanashuka Afrika Kusini ila kuanzia Novemba mpaka Aprili huko kusini ni msimu wa vimbunga, kile cha Idai kilichoibomoa Beira kule Msumbiji 2019 kilikuja Machi, sasa mwenye akili anasubiri huku karibu na ikweta ambako vimbunga ni nadra kufika, na bima nyingi za maboti zinakukatalia ukijipeleka kwenye njia ya vimbunga msimu huo. Wakakaa. Mwezi wa kumi na mbili wakapanda ndege kwenda kuona wajukuu, wakaniomba nibaki niwalindie.

Betri zenyewe hazikuwa na ubaya. Boti likiwa kwenye nanga linageuka geuka kufuata upepo na maji, sasa kila likigeuka kivuli cha mlingoti kinakatiza kwenye paneli, na paneli, wanajua mafundi wenzangu, kivuli chembamba kama mkono kinaweza kukuulia nusu ya umeme au zaidi. Walizifunga zote mstari mmoja, moja ikizibwa inazivuta na nyingine chini. Nikazitenganisha, friji likapona. Nyumba ya huku ukifunga paneli juu ya bati umemaliza, nyumba haigeuki.

Tuje kwenye maji. Boti la mita 11, tangi lita 300, yaani madumu 15, likiisha unashuka kwenye kiboti cha mpira unapiga makasia na madumu yako mpaka ufukweni. Sisi wa Dodoma dumu tunalijua tangu utoto nikajiona bingwa, kumbe bado sana. Vyombo unaosha na maji ya chumvi alafu unasuuza na kikombe kimoja tu cha maji matamu. Kuoga unajitupa baharini (mi nilikuwa nateka na ndoo, sijui kuogelea, msicheke), unajipaka sabuni ya maji ya vyombo kwa sababu ya kipande haitoi povu kwenye chumvi, unamalizia na kopo moja. Januari Tanga mvua hamna, ni kaskazi linavuma na jua, ukiona wingu unakimbilia kutega turubai.

Na kila asubuhi kabla ya chai unafungua sakafu unaangalia ngama, yaani kule chini kabisa ya boti maji yanakojikusanya. Ukikuta maji unachovya kidole unaonja, yakiwa ya chumvi bahari inaingia, yakiwa matamu tangi lako linavuja, na sijui kipi kinauma zaidi. Gesi unafunga kwenye mtungi kila ukimaliza kupika, maana ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka kukaa chini kwenye tumbo la boti inasubiri cheche. Maboksi ya dukani hayapandi, mayai ya mende yanajificha kwenye yale makaratasi. Mayai ya kuku yanakaa bila friji ila unayageuza kila baada ya siku mbili tatu. Mkanda wangu wa ngozi uliota kuvu ukawa wa kijani, mkanda ambao huku nimeuvaa miaka sita.

Kazi niliyoichukia ni kukwangua. Maji ya moto vile, chini ya boti kunaota majani na vidude vyenye maganda magumu kama simenti, visipotolewa vinaziba mpaka tundu la injini kuvutia maji ya kujipoza, basi kila baada ya wiki mbili tunaenda na kijana wa shemeji, yeye anazama mi nashika kamba. Usiku upepo ukikaza hulali, unatazama taa mbili za nchi kavu kama bado zimepangana, zikiachana ujue nanga inakokota.

Sasa huyo mwenzetu atuambie bata limeliwa saa ngapi.

Wenyewe walirudi mwezi wa nne wakanikuta nakula mlenda mkavu niliobeba kutoka nyumbani, kitu hakitaki friji wala nafasi, maji kidogo tu. Yule mama akaonja, akakunja uso, kesho yake akaomba tena. Wameshafika kusini wananiandikia wanataka kilo mbili. Kwa hiyo, mhariri, kama kuna msomaji anauza ule mlenda mzuri usio na mchanga pale soko la Majengo, aniachie ujumbe ofisini kwenu, wa mwisho nilionunua ulikuwa unakwaruza meno.

Fundi sola,
Nkuhungu, Dodoma