Mama, lile jiko litoke kwenye boksi

Nottingham, Uingereza
Novemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu nyinyi mlio mbali na upeo wa macho yangu, kama alivyokuwa akituandikia Baba Mkubwa enzi zile yuko Tanga. Bibi naye mpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana barua hii inamhusu yeye kuliko inavyokuhusu wewe.

Anayeileta ni mtu wa kule Kilema, jirani na kwetu Marangu, anakuja Krismasi kama Mchagga yeyote mwenye nauli. Nimempa na mpira mwekundu wa duara. Wajukuu wasiuchukue wakafanya gurudumu, ni mpira wa mfuniko wa lile jiko la presha la umeme alilolinunua Kaka Arusha. Kaka ameniambia jiko lenyewe liko juu ya kabati la vyombo, ndani ya boksi lake, na umelitandikia kitambaa cha kufuma. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Sidhani kama jiko lililofunikwa kitambaa wanalihesabu.

Ameniambia pia kwamba Bibi tangu ang'olewe meno anakula mtori asubuhi na mtori jioni, na sasa anasema mtori umemchosha. Mama, Bibi kuchoka mtori ni habari nzito. Ndiyo sababu nimeamua kuandika badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu utaniambia "sawa mwanangu" halafu kitambaa kitabaki pale pale.

Nataka umpikie Bibi matufaha, yaani epo, ya moto yenye viungo, na uyapike kwenye hilo jiko.

Huku msimu wa matufaha unaishia sasa hivi. Kuanzia Septemba watu wenye miti uani wanajaza maboksi, wanayaweka nje ya geti na kikaratasi kwamba anayepita ajichukulie. Mara ya kwanza nilipita nikijifanya sikuona, maana kwetu mtu akikuona unachukua ndizi kwenye kihamba, shamba la ukoo wa watu, hutaulizwa kama kulikuwa na kikaratasi. Siku hizi nabeba mfuko. Mengi yanayowekwa getini ni yale wanayoyaita Bramley, makubwa, ya kijani, makali hayaliki mabichi. Mti wake wa kwanza uliota Southwell, mji mdogo jirani na hapa. Mwaka 1809 msichana aitwaye Mary Ann Brailsford alipanda mbegu, ikamea. Baadaye nyumba ikanunuliwa na muuza nyama, Matthew Bramley, na mwenye kitalu mmoja alipokuja kuomba vikonyo vya kuzalisha miche, huyo muuza nyama akakubali kwa sharti kwamba tunda liitwe kwa jina lake. Basi aliyepanda jina lake halikuingia, aliyenunua uwanja ndiye anayetajwa hadi leo. Niliposimuliwa hayo niliwafikiria dada zangu na kihamba chetu, lakini hayo tutayaongea nikija, Baba akiwepo.

Bramley likiiva linayeyuka lote linakuwa povu, halibaki kipande. Huko hutalipata na wala usilitafute. Nunua zile epo za kijani za Sauzi wanazouza Moshi mjini, ngumu zenye uchachu kidogo, hizo zinashika umbo hata zikiiva. Zile nyekundu laini zinazobonyea ukizishika achana nazo, ni tamu tu hazina kitu kingine. Bei yake naijua, na usiseme ni anasa, pesa ya matunda nimeiweka pamoja na ile ya dawa. Kama kuna mtu anapanda basi kutoka Dar, mwambieni achungulie Mombo, pale wanashusha matunda ya Lushoto, na Lushoto wanalima matufaha na mapeasi. Peasi ngumu nazo zinapikika kwa namna hii hii.

Sasa upishi. Kilo moja inatosha Bibi na watoto wanaomzunguka. Menya, kata vipande vinne, toa moyo na mbegu, kisha kata tena vipande vinene kama unene wa kidole chako. Usivikate vyembamba, presha itavimaliza. Kamulia ndimu visigeuke rangi. Tia kwenye sufuria ya ndani pamoja na kikombe kimoja cha maji, vijiko viwili vya sukari (sukari guru ni bora zaidi, inaleta rangi), kijiti cha mdalasini, karafuu tatu nne, iliki mbili umezipasua, tangawizi kidogo ya kukwaruza, na chembe ya chumvi. Kungumanga ukitaka, lakini kidogo mno. Viungo vyote vitie vizima, si vya unga. Unga wa mdalasini unaelea na kushikana mabonge, na ukishatiwa hauutoi, wakati karafuu nzima unaiopoa kabla Bibi hajaitafuna kwa fizi. Usinitilie ile masala ya chai ya pakiti, ina pilipili manga.

Baba Mdogo na kisukari chake mtengee yake isiyotiwa sukari, na asipewe bakuli zima kwa kuwa ni matunda. Matufaha yana sukari yake ya kuzaliwa.

Funga mfuniko, geuza kile kidude cha mvuke kiwe upande wa kufunga, bonyeza presha ya juu, weka dakika 1. Najua unasoma mara mbili. Ni dakika moja kweli. Jiko litachukua kama dakika kumi kupanda presha, na muda huo wote matufaha yanaiva, hiyo dakika ni ya kumalizia. Likilia, lizime, liache dakika tano, ndipo utoe mvuke kidogo kidogo kwa mpini wa mwiko, si kwa vidole. Halafu fungua, na hapo ndipo umpondee Bibi kwa mwiko kadiri anavyotaka. Watoto wape vipande. Ukitaka mchuzi uwe mzito, acha wazi ichemke kidogo bila mfuniko.

Hapa kuna jambo moja nataka ulishike kuliko yote, maana najua ni nini kinachokuogopesha. Ni yale maharage ya jirani yaliyopanda hadi dari. Presha kuka ile ilikuwa kuukuu, na nakuhakikishia tundu la mvuke lilikuwa limezibwa na maganda. Mvuke ukikosa njia ya mlangoni unajitafutia ya kwake. Matufaha nayo yana tabia hiyo: yanatoa povu, na yakiwa yamepondeka kabla ya kupikwa yanakuwa uji unaoruka na kuziba tundu. Kwa hiyo usiponde kabla, na usijaze sufuria kupita nusu, hata ukiona nafasi imebaki na wageni ni wengi. Pika awamu mbili. Kama bado una wasiwasi, kuna njia ya pili ambayo binafsi naipenda zaidi: weka maji kikombe kimoja chini, weka kile kichanja cha chuma kilichokuja na jiko, halafu juu yake bakuli la chuma lenye matufaha na viungo. Mvuke unapika, matufaha hayagusi chini, hayaungui wala hayafiki kwenye tundu. Njia hii iongezee dakika mbili tatu.

Juu ya mfuniko kuna kipini kidogo. Kikiwa kimepanda, ndani kuna presha na mfuniko umejifunga wenyewe, hata Kaka na mikono yake ya kubebea mawe hawezi kuufungua, na asijaribu. Kikishuka, fungua. Umeme ukikatika katikati, na utakatika, usifanye lolote. Presha inashuka taratibu yenyewe, umeme ukirudi unaanza tena. Jiko lisikae chini ya rafu, mvuke utaharibu mbao, na uso wako uwe mbali unapoutoa.

Kuhusu LUKU, jiko hilo ni la wati 1,000. Likivuta moto wote dakika 10 linakula moja ya sita ya yuniti. Linganisha na debe la mkaa kisha uniambie.

Na ukishazoea kwa matufaha, hamia kwenye maharage, maana huko ndiko faida iliko. Marangu tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama kule pwani. Ndiyo maana maharage ya kwetu yanakesha jikoni na kuni zinaisha, si kwamba duka la chini linakuuzia ya zamani kama unavyomlaumu yule mzee. Jiko hili linabana mvuke mpaka moto wa ndani unapita nyuzi 110, mlima haulisumbui. Loweka usiku, asubuhi yanaiva hujamaliza kufagia uwanja. Kande ndio usiseme.

Mpira niliokutumia ni wa vyakula vitamu, ule wa zamani ubaki kwa nyama na maharage. Mpira wa mfuniko unashika harufu hata ukioshwa, na Bibi akipewa matufaha yanayonukia supu ya utumbo atarudi kwenye mtori na hatatusikiliza tena.

Akishakula, mwambie Kaka anipigie usiku, saa nne za huko, mimi nakuwa sijaingia zamu. Nataka nimsikie Bibi mwenyewe, si kuambiwa "amependa". Akisema ni chakula cha wagonjwa, muulizeni anataka iliki iongezwe au tangawizi.

Baba msalimie sana, mwambie koti lake lipo kwenye begi la huyo huyo wa Kilema, alichukue mapema kabla mtu hajashuka mjini nalo. Ada ya mdogo wangu nimeshatuma, risiti iko kwa Kaka. Ng'ombe akizaa nijulisheni.

Ni mimi mwanao.