Mama Lusajo, nisaidie na hii saa nne

Uyole, Mbeya
Jumanne usiku

Mama Lusajo wangu,

Kamwene! Usije ukasema nimedharau salamu za ukweni kwako. Shemeji hajambo? Bibi miguu inaendeleaje na baridi ya Njombe? Sisi wazima, ila mafua yamegoma kutoka humu ndani. Simu yangu imezama kwenye ndoo ya kufulia, mpaka sasa nimeifukia kwenye mchele na sina matumaini nayo, ndiyo maana unapata karatasi tena, mambo ya bweni yale. Nampa yule kijana wa Tusa anayeendesha Costa. Akikufikia mkaripie kidogo, bado ana deni langu.

Sasa nisikilize. Jumamosi nina kikao na nina tumbo joto.

Shule ya watoto imetuletea tangazo: muhula ujao hakuna krips, soda, jojo wala juisi za unga kuingia getini. Wazazi tukae wenyewe tupange watoto watakula nini saa nne. Ikaundwa kamati. Mimi siku hiyo nilichelewa, nafika mlangoni nasikia makofi, kumbe napigiwa mimi: katibu! Mwenyekiti ni Baba Tusa, na wewe unamjua Baba Tusa akipewa kipaza sauti.

Mtu wa mbali angesema kazi gani hiyo, watu wa Mbeya mnakosaje cha kumpa mtoto? Ndizi zinashuka kutoka Tukuyu kila siku, parachichi za Rungwe msimu ukikolea tunazikanyaga sokoni, viazi Umalila, maziwa, karanga, ulezi. Lakini mwalimu mkuu alitusomea yale matokeo ya utafiti wa afya wa mwaka 2022, watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa: nchi nzima asilimia 30, Iringa 56.9, kwenu huko Njombe 50.4. Mbeya tuna 31.5. Eti watu wakaanza kujipongeza! Nikawaambia jamani, huyo ni karibu mtoto mmoja kwa kila watatu, tunapongezana nini? Mikoa yenyewe ndiyo inayolisha nchi. Mayai na maziwa tunapeleka sokoni, mtoto tunamrudishia ugali asubuhi, mchana na jioni.

Haya, turudi kwenye saa nne. Gari la shule linapita hapa saa kumi na mbili kasoro. Gwamaka muda huo hali kitu, chai anaikoroga tu mpaka inapoa. Kwa hiyo kile cha saa nne ndicho kifungua kinywa chake, na chakula cha mchana ni saa saba. Ukimpa biskuti na kijuisi cha boksi, saa tano anasinzia darasani halafu mwalimu anakuandikia kwamba mtoto hana bidii. Mimi nataka kitu cha kushiba, kitu cha kujenga mwili, tunda na chupa ya maji. Basi. Sidhani kama nimedai pilau.

Shida haiko kwenye chakula, shoga yangu. Shida ni aibu. Wiki iliyopita nilimchemshia yai, nikalifungia kwenye kopo pamoja na viazi. Unajua yai la kuchemsha likifungiwa kopo tangu alfajiri. Amefungua, darasa zima limeshika pua, wanaulizana nani kafanya vile. Amerudi nalo. Nikampa magimbi, wakamwambia ni chakula cha shamba. Parachichi nikalikata asubuhi, saa nne limekuwa jeusi, yeye mwenyewe akasema, "Mama, lile ni kama tope." Sasa hivi namwachia nusu yenye mbegu, nalikamulia ndimu, anakula na kijiko, angalau halirudi zima. Yai nalikaangia ndani ya chapati na kuviringisha. Harufu kwisha, na wenzake wanamwomba! Yai ni lilelile lakini.

Ndiyo nikapata wazo langu, na ndilo nitakalolisimamia Jumamosi: darasa zima lile kitu kimoja siku moja. Jumatatu ndizi na karanga, Jumanne viazi na yai, hivyo hivyo mpaka Ijumaa. Kama magimbi ni ya wote, nani atamcheka nani? Kila mzazi anapika kwake, kwa mfuko wake, ila hakuna mtoto wa krips na mtoto wa shamba.

Weee! Kwenye grupu la wazazi kumewaka (hapo simu ilikuwa bado hai). Baba mmoja kaandika kwamba yeye analipa ada, hawezi kupangiwa cha kumlisha mwanawe. Mwingine kasema sisi tulikula miwa na tukakua. Ni kweli, lakini muwa tulitafuna mpaka taya zinauma, na kuufuata tulitembea. Siyo soda. Nesi wa kliniki alinieleza kwamba Chama cha Moyo cha Marekani kinasema mtoto asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, vijiko sita vya chai. Soda moja ya mililita 350 inapita hapo, na bado hujahesabu chai ya asubuhi, ambayo baba yake Gwamaka anaitia sukari kwa mkono wa harusi.

Halafu karanga. Mama Neema anazitaka kila siku, eti rahisi. Mwalimu wa chekechea akasimama: wadogo wa chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima, zinawapalia. Hapo sikubisha, Tumpe wangu yuko huko huko. Wao tutawapakia siagi ya karanga kwenye mkate. Lakini na hizo karanga zenyewe za mafungu ya bei poa, nyingine zimekunjamana na zina ukungu. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiishi yote kwa kukaanga, hata ukikaanga mpaka ziungue. Nimesema zichambuliwe moja moja. Mama Neema kaniangalia kana kwamba ninaringa.

Na bado kuna kibanda cha mbele ya geti. Barafu za rangi, ubuyu unaopaka ulimi mpaka jioni... yule dada ana watoto wake na pale ndipo anapopatia mkate, sitaki tumfukuze. Nimewaza tumwambie auze ndizi, mahindi ya kuchemsha na bisi zisizo na rangi. Baba Tusa anasema nina huruma za kanisani. Labda. Lakini akihamia kona ya pili si watoto watamfuata huko huko?

Sasa wewe, mwalimu wangu. Pale shuleni kwenu ule uji wa ulezi wa saa nne bado upo? Mlichangishaje, unga au pesa? Nani anaosha vikombe? Wale wazazi wagumu mliwafanyaje, au mliwaacha tu? Hiyo ratiba ya darasa zima unaionaje, nitazomewa? Na vile vikate vya ndizi mbivu ulivyoleta kwenye kipaimara, ulitumia unga wa mahindi au wa ngano? Ulioka kwa mkaa juu na chini au una jiko jipya hujaniambia? Vinalala mpaka kesho bila kuchacha? Peasi zimeanza huko?

Huna muda, jibu nyuma ya karatasi hii hii. Kijana anarudi Alhamisi, mchana anakuwa stendi. Mpe na vikate viwili vya mfano, na umwambie nimevihesabu.

Msalimie Lusajo, na Bibi umpe pole ya miguu. Ndaga fijo.

Wako,
Mama Gwamaka

Lile kopo lako la mfuniko wa bluu, ulilolitafuta mpaka ukamsingizia Sekela, liko hapa. Gwamaka analipenda. Silirudishi.